Jino Limeng'olewa, Mbona Uvimbe Uko Palepale?

(Mazungumzo ya muuguzi mstaafu na wanafunzi wa sekondari)

Sogea karibu. Leo sikuja kukufundisha majina magumu ya kidaktari. Nimekuja na habari ya uvimbe, ya jino, na ya msichana mmoja wa kidato cha pili aliyemfanya daktari ageuke akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango.

Kwa miaka mingi nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya wilaya, kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wetu wa Tanzania. Hospitali sitaitaja, na msichana simtaji jina. Ilikuwa miaka ya tisini, siku ya Jumatatu, wagonjwa wamejaa mpaka nje kwenye mabenchi. Akaja msichana kavaa sketi ya shule, mgongoni kambeba mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Shavu la kulia la mtoto limevimba. Tulipotazama mdomoni, meno mawili ya nyuma yalikuwa yanacheza. Kila mtu akasema, "Aa, jino hilo." Na mimi nilisema hivyohivyo. Mtoto akapelekwa chumba cha meno, jino likang'olewa, akapewa dawa, wakaenda zao.

Baada ya wiki mbili wakarudi. Sasa shavu limekuwa kama embe, na jicho la upande ule limeanza kusukumwa nje. Pale kwenye benchi watu wakaanza kunong'ona. Mama mmoja akasema mtoto karogwa, yupo mzee kijijini anajua dawa yake. Mwingine akasema kidonda cha jino kimeingia uchafu. Daktari wa zamu alikuwa amechoka, ameona wagonjwa tangu asubuhi. Akaandika sindano za kuua vijidudu, akainuka aende wodini. Kashika kitasa, yule msichana akasema kwa sauti ndogo:

"Samahani daktari. Jino limeng'olewa, mbona uvimbe uko palepale? Halafu na tumbo lake limekuwa gumu. Huwa namwogesha jioni, nalisikia mkononi."

Daktari akageuka. "Tumbo?" Akamlaza mtoto kitandani, akalibonyeza tumbo taratibu. Kweli, kulikuwa na uvimbe mwingine ndani.

Taya na tumbo. Ukiliangalia kila moja peke yake, unapata majibu mawili ya kawaida: jino bovu na minyoo. Ukiyaweka pamoja, unapata jibu la tatu kabisa. Daktari alilijua jibu hilo kwa sababu kuna watu waliolitafuta kabla yake. Ngoja nikupeleke Kampala kwanza, halafu tutarudi kwa mtoto wetu.

MTOTO WA MULAGO

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwapo daktari mpasuaji kutoka Ireland, jina lake Denis Burkitt. Alikuwa akiona kwa jicho moja tu; la pili alilipoteza katika ajali akiwa mtoto wa miaka 11. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne: juu na chini, kulia na kushoto.

Burkitt akashangaa. Jipu huanza mahali pamoja, na saratani ya mfupa nayo kwa kawaida huanza mahali pamoja. Sasa huu wa pande nne ni ugonjwa gani? Hakujua. Akapiga picha, akaandika alichokiona.

Wiki chache baadaye alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Akiwa ndani, alitazama nje dirishani akaona mtoto amekaa na mama yake, uso umevimba kama wa yule wa Mulago. Akatoka kumchunguza. Taya zimevimba vilevile, na tumboni nako mna uvimbe. Hapo akaona kwamba mara ya kwanza unaweza kusema ni ajabu tu, lakini mara ya pili lazima utafute maelezo.

Akarudi Mulago akaanza kupekua mafaili ya watoto. Akakuta kwamba watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa pia na uvimbe ndani ya tumbo: kwenye figo, ini, na kwa wasichana kwenye vifuko vya mayai. Si kwamba hakuna aliyewahi kuwaona. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, alikuwa ameshawaona watoto wa namna hiyo miaka mingi nyuma, akaacha maandishi na michoro. Tatizo ni kwamba aliyetazama taya aliandika "taya", aliyetazama tumbo aliandika "tumbo". Burkitt akayaweka yote katika karatasi moja, akayachapisha mwaka 1958. Leo uvimbe huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita, ya chembe za damu zinazotakiwa kulinda mwili dhidi ya magonjwa.

SAFARI YA KILOMITA 16,000

Burkitt akajiuliza: kwa nini watoto hawa wako Uganda, na Uingereza hawaonekani? Akatuma barua zenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza, "Je, mnaona uvimbe kama huu?" Majibu yalipokuja, akaweka alama kwenye ramani. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250, wakashika njia kuelekea kusini. Walisafiri wiki 10, kilomita 16,000 hivi, wakapita hospitali zaidi ya 50. Hawakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Walikuwa na picha, daftari na maswali.

Wakagundua nini? Kwamba katika Afrika Mashariki ugonjwa ule uko sehemu za joto na mvua. Ukipanda kwenye nyanda za juu zenye baridi, zaidi ya mita 1,500 hivi juu ya bahari, ni adimu sana. Wewe uliyesoma jiografia, ni ugonjwa gani mwingine una ramani kama hiyo? Ndiyo, malaria.

Wakati huohuo huko London mwanasayansi Anthony Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akitoa mhadhara, Machi 1961. Akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa zaidi ya miaka miwili alitafuta virusi ndani yake, hakuona kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963, kwa sababu ya ukungu, ndege iliyobeba kipande kimoja ikashindwa kutua London, ikapelekwa Manchester. Kilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengi wangesema, "Hiki kimeoza, tupa." Epstein akaweka tone chini ya darubini kwanza. Hayakuwa machafu, zilikuwa chembe za uvimbe, ziko hai, zinaelea. Akiwa na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong, mwaka 1964 wakatangaza kuwa wameona virusi ndani ya chembe hizo. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Usishtuke sasa. Virusi hivyo karibu kila mtu anavipata, na huku kwetu wengi tumevipata tukiwa bado wadogo, kwa njia ya mate. Kwa watu walio wengi vinakaa kimya maisha yote. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, mwili wake unachoka kuvidhibiti, na chembe zile za ulinzi zinalazimika kuzaliana harakaharaka. Katika haraka hiyo, mara chache sana, kunatokea kosa ndani ya chembe moja. Chembe hiyo inasahau kuacha kuzaliana. Kosa hilo ndilo mwanzo wa uvimbe.

Kwa hiyo ugonjwa huu hautokani na uchawi wala kijicho. Hauambukizi, maana mtoto mwenye uvimbe anaweza kulala kitanda kimoja na ndugu zake na wala hawatapata uvimbe kutoka kwake. Na chandarua kile chenye dawa unachokiona cha kawaida tu, kinamkinga mdogo wako na malaria, na malaria ni mmoja wa washirika wa uvimbe huu.

SAA INAVYOKIMBIA

Turudi kwa mtoto wetu. Daktari aliposhika tumbo lile, hakusema "njoo wiki ijayo". Unajua kwa nini? Uvimbe huu ni miongoni mwa zinazokua haraka kuliko saratani zote za binadamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wewe mwenye kalamu hapo, andika 1, halafu 2, halafu 4, uendelee mara kumi tu. Umefika 1,024. Sasa fikiria zile wiki mbili tulizozipoteza tukisema "jino hilo". Mimi huwa nazifikiria mpaka leo.

Kumwangalia kwa macho hakutoshi. Lazima kuchukuliwe kipande kidogo cha uvimbe, au kuvutwa chembe zake kwa sindano, zikatazamwe kwa darubini. Niliwahi kuonyeshwa. Unaona chembe za rangi ya bluu iliyokolea, zimejazana, na katikati yake kuna madoa meupe meupe. Madaktari wanasema inafanana na anga la usiku lenye nyota. Wanapima pia maji ya uti wa mgongo na uboho wa mifupa, maana uvimbe huu hupenda kuingia huko. Na wanapima damu na figo.

Basi mtoto akaandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa. Bibi yake, aliyekuwa anawalea, akakataa. "Kansa haina dawa, mnataka mjukuu wangu afie mbali?" Msichana akamwambia, "Bibi, tumempa wiki mbili za jino. Tuwape na hawa wiki mbili zao." Bibi akanyamaza, halafu akafunga kitenge.

JE, INATIBIKA?

Sikia vizuri hapa. Ndiyo, inatibika. Wakati wa Burkitt, Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kupasua hakukusaidia kwa sababu uvimbe uko sehemu nyingi. Akajaribu dawa za saratani, ambazo wakati huo zilikuwa mpya. Watoto wengine walipewa dozi chache tu, uvimbe ukayeyuka na haukurudi tena. Ilikuwa moja ya saratani za kwanza duniani kuonyesha kwamba dawa peke yake zinaweza kuponya. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Siku hizi mtoto hupewa dawa kadhaa kwa pamoja, kama saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, nyingine kwa dripu na nyingine kwa sindano ya mgongoni, kwa awamu. Anapewa maji mengi sana kwenye mshipa. Kwa nini maji? Kwa sababu uvimbe unaokua haraka unakufa haraka pia, na takataka zake zikiingia kwenye damu kwa mara moja zinaweza kuziba figo. Kutibu ugonjwa mgumu ni pamoja na kujiandaa kwa hatari ya kupona haraka.

Dawa zina adha zake, sikufichi. Mtoto wetu alitapika, nywele zilinyonyoka zote, vidonda vikamtoka mdomoni. Lakini baada ya siku tano shavu lilikuwa limepungua nusu. Bibi akashangilia. "Amepona! Twende nyumbani, mpunga unaharibika shambani." Hapa ndipo watoto wengi wanapopotea. Uvimbe haujaisha, umejificha tu. Ukiacha dawa katikati unarudi, na safari ya pili huwa mbaya zaidi. Daktari wa kule akamwita bibi na msichana, akawaeleza kwa lugha wanayoielewa, akawachorea kwenye karatasi awamu zilizobaki. Bibi akabaki. Wanakijiji wakamvunia mpunga wake.

Katika nchi tajiri, watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wanapona. Huku kwetu wanaopona ni wachache kuliko hapo, na sababu mbili kubwa ni kuchelewa kufika hospitali na kuacha matibabu njiani. Sababu zote mbili mtu wa nyumbani anaweza kuzipunguza. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Mtoto wetu alipona. Alirudi shule. Lakini jicho la kulia halikuona tena, lilikuwa limebanwa mno. Kila nikimkumbuka namkumbuka na jicho lile. Wiki mbili zilikuwa na bei yake, na aliyelipa hakuwa mimi.

WEWE UFANYE NINI?

Utaniambia, "Sista, mimi si daktari." Ni kweli. Yule msichana naye hakuwa daktari. Ila daktari alikuwa na dakika tano na mtoto, yeye alikuwa naye kila siku jioni kwenye beseni. Alijua kitu ambacho hospitali nzima haikukijua. Basi kumbuka haya:

Kwanza, angalia na uandike. Ugonjwa ulianza lini? Uvimbe ulikuwa kiasi gani, sasa uko kiasi gani? Dawa gani zimetumika? Karatasi moja ya daftari inatosha.

Pili, sema yote, hata unayodhani hayahusiani. Jino na tumbo havikuonekana kuhusiana. Na kama mmetumia dawa za kienyeji, sema bila aibu. Daktari anayejua anatibu vizuri kuliko daktari anayebahatisha.

Tatu, uliza maswali mawili kabla ya kutoka chumbani: "Je, kuna ugonjwa mwingine wenye dalili kama hizi?" na "Asipopata nafuu, turudi baada ya siku ngapi?" Kuuliza si utovu wa adabu. Sema "samahani" na "shikamoo" zako, halafu uliza.

Nne, siku hiyo ikifika na nafuu hakuna, rudi. Usingoje. Ukirudi, usianze kana kwamba ni mara ya kwanza. Sema: "Tulitibiwa hivi, haikusaidia." Kwa daktari makini, dawa iliyoshindwa nayo ni kipimo.

Tano, matibabu yakianza, yamalizwe, hata kama mgonjwa anacheza mpira uani.

Kwa uvimbe huu hasa, mwahishe mtoto hospitali ukiona taya au shavu linavimba bila kuumia, meno mazima yanalegea, jicho linasukumwa nje, tumbo linakua na kuwa gumu, au miguu inaishiwa nguvu ghafla. Tanzania, saratani za watoto hutibiwa katika hospitali kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Kenya iko Kenyatta, na Uganda iko ile taasisi ya Mulago. Zahanati yako ndiyo mlango wa kufikia huko, kwa hiyo anzia hapo na uombe rufaa.

Na somo hili si la uvimbe peke yake. Kuna kijana wa rika lako anakunywa maji kutwa nzima, usiku anaamka kukojoa mara nne, anakonda huku anakula. Anapewa dawa ya malaria, hapati nafuu, anapewa tena. Tone moja la damu kidoleni lingeonyesha kuwa ana kisukari, na kisukari cha vijana bila insulini kinaua. Hapo nako anahitajika mtu wa kusema, "Samahani daktari, dawa amemaliza, mbona kiu iko palepale?"

Magonjwa adimu hayaji na kibao shingoni. Yanakuja yamevaa nguo za magonjwa ya kawaida: ya jino, ya minyoo, ya malaria. Na mara nyingi, ndiyo, litakuwa jino tu, tumshukuru Mungu. Lakini likiwa si jino, atakayeligundua kwanza ni yule anayemwogesha mgonjwa, anayelala naye chumba kimoja, anayekaa naye dawati moja.

Yule msichana baadaye alinipitia wodini kunisalimia, akaniuliza kama alimkosea daktari heshima siku ile. Nikamwambia, "Mwanangu, kama ungenyamaza, ungekuwa umemkosea mdogo wako." Hata wewe nakwambia hivyohivyo.

Haya, maswali sasa. Nani anaanza?